Saa Mbili, Ubao Mmoja

Nesi mstaafu aliitazama bahasha ya kaki mezani kama mtu aliyeletewa barua ya jirani. Hakuigusa.

"Fungua, dada," Fundi Saa alimhimiza. "Ni yako. Imechelewa miaka thelathini na moja tu."

Wiki iliyopita Fundi alipiga moyo konde, akasimama mbele ya kamati ya chama cha chesi, akatapika yote. Sasa ilibaki kumwambia mwenyewe aliyedhulumiwa.

"Fainali ya kwanza ya taifa," alianza. "Unakumbuka nchi nzima haikuwa na hata saa moja ya chesi?"

Angesahauje? Enzi hizo watu walicheza mpaka mmoja asinzie, na aliyesinzia ndiye aliyeshindwa. Fundi ndiye aliyeleta ustaarabu. Alichukua saa mbili za mezani, pacha kabisa, akazipigilia kwenye ubao mmoja: ukibonyeza yako inasimama, ya mwenzako inaanza. Chama kikamshangilia, kikamfanya mwamuzi papo hapo.

Fainali iliwakutanisha nesi na makanika mmoja, shemeji wa Fundi. Mshindi angepanda ndege kwenda mashindano ya dunia. Nesi alikuwa moto wa kuotea mbali. Asubuhi ile alifika kabla ya watu wote, saa yake ya kazini imebanwa kifuani. Fundi alipotoka kupokea wageni na kurudi, alimkuta keshakaa mezani peke yake, mikono mapajani.

"Niliichokonoa saa ya upande wako," Fundi alisema, macho sakafuni. "Niliifanya ikimbie. Kila saa nilikuibia dakika kumi. Mke wangu alinisumbua weee, kaka yake lazima asafiri. Muda wako ukaisha, nikamtangaza shemeji bila hata kupepesa macho. Na wewe hukugusa kete tena mpaka leo. Dada, roho imenisuta kila nilipofungua saa ya mtu."

Nesi aliuliza, "Na shemeji yako? Anajua?"

"Jana nilikwenda gerejini kwake na kamati." Gereji ile ndiyo iliyoulea mchezo. Mabingwa sita wa taifa walijifunzia pale, ubao wa chesi juu ya pipa la oili, na shule chungu nzima zilipata walimu kutoka kwenye mikono ya shemeji yenye grisi. "Wamemvua ubingwa. Hakubisha hata kidogo. Alijifuta mikono, akasema, 'Kumbe miaka yote nafundisha watu kushinda, na mimi mwenyewe nilibebwa.' Kisha akazikusanya kete zote, akawapa kamati waondoke nazo."

"Mungu wangu!" Nesi alijishika mdomo.

"Usimhurumie sana. Alisafiri kwa tiketi yako. Humo ndani ni cheti: bingwa wa kwanza wa taifa, jina lako kwa herufi kubwa. Jumamosi watakupigia makofi ukumbi mzima."

Machozi yalimtoka nesi. Fundi akadhani ni ya furaha, naye yakamlengalenga. Jamani, mzigo wa miaka yote hiyo kumbe ulitaka maneno machache tu!

"Nisamehe," alisema. "Nilikuvunja moyo, ukaacha mchezo kwa uchungu."

"Kwa aibu."

"Aibu ya nini, dada, na wewe ndiye uliyeibiwa?"

Nesi aliisukuma bahasha taratibu mpaka ikamgusa Fundi vidoleni.

"Mimi kutwa nzima nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa. Saa ikikimbia, naisikia. Nilikaa pale peke yangu, nikailinganisha na yangu ya kifuani." Aliondoa mkono kwenye bahasha. "Nikaugeuza ubao wa saa, Fundi. Dakika zile aliibiwa shemeji yako, na bado alinishinda."