Mruko wa Mwisho wa Tunu

Tunu alibakiwa na mruko mmoja katika mashindano ya kuteleza kwenye barafu, na medali ya fedha ilikuwa karibu yake. Bi Mashavu, mwalimu wake, alisimama ukingoni mwa barafu akimwonyesha vidole viwili: zunguka mara mbili, utue salama.

Lakini medali haikuwa tiketi ya mashindano ya dunia. Aliyetaka kwenda huko alidaiwa alama thelathini za ufundi, na leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Tunu alikuwa amekwisha piga hesabu. Mizunguko miwili, hata akitua kama unyoya, isingemfikisha. Mitatu ingemfikisha hata akianguka, mradi aikamilishe hewani.

Akaruka. Alizunguka mara tatu, akaanguka kwa kishindo, na ukumbi mzima ukaguna.

Alitoka akichechemea, paja limelowa.

"Umeitupa medali, mwanangu!" Bi Mashavu alifoka. "Vidole vyangu hukuviona?"

"Niliviona, Mwalimu. Kilipungua kimoja."

"Na ulivyojibwaga kama gunia la viazi!"

"Gunia lililozunguka mara tatu."

Bi Mashavu alitaka kukasirika zaidi, akashindwa. Akamshika mkono, wakageukia skrini kubwa.

Waamuzi walikuwa wakiurudia ule mruko polepole, wahakikishe kama mzunguko wa tatu ulitimia. Wakaisimamisha picha. Pale juu Tunu alining'inia upana wa kidole kutoka kwenye barafu, chuma cha kiatu hakijagusa, mzunguko wa tatu umetimia, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyekwisha kufika.