Mashine Iliyougua Kila Ijumaa

Krr. Krr. Krr.

Ilikuwa alfajiri, taa za majirani bado hazijawaka, na sauti pekee ndani ya nyumba ilikuwa ya skrubu ndogo ikizungushwa.

Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya runinga, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho la kulia, kama enzi zake za ufundi saa. Mashine ya gemu ilikuwa imelala kifudifudi juu ya taulo. Alikaza skrubu ya mwisho, akaigeuza, akaiwasha. Picha ikatokea, muziki ukalia. Akaizima, akaipapasa mgongoni kama mtu anayembembeleza mtoto aliyemfinya mwenyewe.

Bisibisi akaitia kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa hiyo moja tu, yenye ncha ya nyota. Aliichonga kwa tupa kwa mkono wake, maana skrubu za mashine ile hazikukubali nyingine.

Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiiharibu. Kwa miezi miwili, kila Ijumaa alilegeza waya mmoja, kisha akampigia simu mwanawe: "Lile sanduku limezima tena." Jumamosi mwana akafika. "Baba, nipe ile bisibisi yako," na hata siku moja hakuuliza imekuwaje mzee anayedai hajui mambo ya mashine awe na bisibisi inayoingia barabara. Walitengeneza kwa saa moja, wakacheza mpira kwa saa tatu, bega kwa bega kwenye kochi. Kijana alikuwa na desturi ya kumwekea baba yake mto mgongoni bila kusema neno, na kuchukua yeye padi ya kuchezea yenye kitufe kibovu.

Tatizo, kijana alikuwa mtu wa kompyuta.

"Baba, kompyuta ina picha safi, ina gemu chungu nzima. Ikisumbua naitengeneza kwa mtandao, nikiwa kwangu. Tunacheza wewe huku, mimi kule."

"Kompyuta yako kabla ya kucheza inauliza maswali kama karani wa pasipoti. Mimi nawasha, nacheza."

"Hilo ni sanduku la watoto."

"Na juzi aliyefungwa mabao manne kwenye sanduku la watoto ni nani? Babu yako?"

Wakacheka. Lakini maneno "wewe huku, mimi kule" yalibaki yakimkereketa mzee siku nzima. Sanduku lake lilikuwa la zamani, waya za padi fupi. Lilitaka watu wawili kwenye kochi moja.

Sasa jana, alipopiga simu ya Ijumaa, mwanawe alishusha pumzi ndefu. "Basi, Baba. Limekuchosha, na mimi limenichosha. Kesho nakuja na kompyuta. Hilo tulipeleke kwenye vyuma chakavu."

Mtego ukawa umemnasa mtegaji. Ndiyo maana aliamka alfajiri kuutengua. Likikutwa zima, alijiambia, labda hiyo kompyuta itarudi ilikotoka. Sababu ya kumwita mtoto Jumamosi nyingine ataitafuta baadaye.

Saa tatu kijana akaingia, mkate kwapani, boksi kubwa mikononi. Akalitua boksi mlangoni, akamtazama baba yake usoni.

"Jicho lina nini, Baba? Mbona lina alama ya duara?"

"Nimelalia mkono."

"Mkono wa duara?"

"Ndio uzee huo. Utakukuta." Mzee akawahi kubadili maneno. "Umesafiri bure, mwanangu. Sanduku limepona."

Akaliwasha. Picha safi, muziki mtamu. Kijana akaitazama mashine, akalitazama jicho, akalitazama boksi.

"Limepona lenyewe?"

"Lenyewe. Usiku."

"Mashine ikipona yenyewe, Baba, ndiyo ya kuogopwa. Ugonjwa umezama ndani." Akaizima, akaibeba mpaka jikoni. "Wewe kaa hapo hapo. Vumbi lisije likakuingia kwenye jicho hilo." Akafunga mlango.

Mzee akabaki kwenye kochi, sikio mlangoni. Mtoto atakuta kila kitu kimekazwa sawasawa, na atajua ameitwa kwa uongo miezi miwili. Kutoka jikoni zilisikika kelele za vijiko, miguno, na mara moja, "Maskini wee!"

Baada ya nusu saa mlango ukafunguka. Kijana alikuwa amekunja mikono ya shati, akijifuta paji la uso lililo kavu kabisa.

"Nimefungua skrubu zote sita. Waya tatu zimelegea, feni inakohoa. Nimekaza nilipoweza, lakini hii si kazi ya siku moja. Itabidi niiangalie kila Jumamosi."

"Mpaka lini?"

"Magonjwa ya aina hii, Baba, hayana tarehe."

"Na kompyuta?"

"Irudi dukani. Ukiwa na mgonjwa ndani, hukaribishi mgeni."

Akamwekea mto mgongoni, akachukua padi yenye kitufe kibovu. Wakacheza mpaka jua likasimama utosini. Mzee alishinda manne kwa moja, na kuringa akaringa.

Wakati wa kuagana mlangoni, mzee alitia mkono kwenye mfuko wa shati kutafuta leso. Vidole vikagusa chuma. Bisibisi ya ncha ya nyota ilikuwa pale pale alipoiweka alfajiri. Leo hakuna aliyeiomba.

"Njoo tena Jumamosi, mwanangu," akasema yule fundi saa. "Naona hata saa ya ukutani imeanza kuchelewa."