Vipande vya Mhunzi

Kichwa kilidondoka kwanza, kikabingirika mpaka ukutani. Miguu ikabaki imesimama, damu ikiruka.

Gregori akacheka peke yake chumbani kwake Mtoni. Wiki nzima Mhunzi, adui asiyemjua wa kwenye mchezo wa kompyuta, alikuwa akimuumbua mbele ya watazamaji. Katika mchezo huo kila mtu hujiundia silaha zake, na Gregori alikuwa ameunda leza nene kama gogo. Iliishia kuunguza rangi ya deraya, vazi la chuma la Mhunzi. Mhunzi naye kila mara alimwandikia, kwa nukta na mkato, kwamba mwanga uliotawanyika haukati kitu.

Basi Jumamosi hiyo akaubana mwali ukawa mwembamba kama uzi, akaufunga kwenye gurudumu linalozunguka polepole, upite mstari uleule. Chuma kikafunguka. Kichwa hakikumtosha. Akarudi akakata mikono, akapasua kifua, akamalizia na ile miguu. Raha aliyoisikia haisemeki.

Akaandika, na jina lake akaliweka makusudi ili watu wamjue: "Gregori wa Mtoni nimekuchinja. Muite mama ako aje akuokote vipande."

Mhunzi akaomba marudiano.

"Una bahati naenda ukweni Kunduchi saa hizi. Nikirudi nakuchinja tena."

Mhunzi akatoka mchezoni.

Njiani ushujaa wote ulimwisha. Benedicta ndiye msichana aliyekuwa anakwenda kumposa. Mama wa msichana, mwalimu mstaafu, alikuwa amesharudisha wachumba wawili kwa utovu wa adabu, na Benedicta alisema wazi kuwa bila baraka za mama yake haolewi. Gregori alimpenda msichana yule mpaka akaogopa. Mshenga wake, mjomba Cyprian, alimkumbusha njia nzima: salimia, inama, nyamaza.

Walikaribishwa sebuleni. Mjomba akakohoa kidogo, akamtambulisha: huyu ndiye kijana wetu Gregori, anaishi Mtoni, ni mtoto mpole sana. Gregori akainama, macho kwenye zulia, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

Mama akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena.

"Marahaba, baba. Mama yangu alishafariki. Vipande nimejiokotea mwenyewe."