Mkaaji wa Mwisho wa Nyumba ya Lokken

Watalii kumi na wawili walisimama mlangoni wakimtazama Ansgar Lokken akikunja soksi zake za sufu na kuzipanga sandukuni. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alimpiga picha.

"Endelea tu, mzee, usitujali," akamwambia.

Ansgar aliendelea. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita, hakuwahi kuoa, na alizaliwa katika chumba hicho hicho cha juu. Nyumba ilijengwa na babu yake aliyetoka Norwei; sasa ilikuwa makumbusho ya wilaya, na chumba aliachiwa kwa hisani tu. Jumatatu, mkurugenzi mpya, Bi Carla, aliyehamia Minnesota mwezi uliopita kutoka Kalifornia, alimwuliza kama angependa kuendelea kuishi humo. Ansgar alijibu, "Hapana, sitaki kuwasumbua." Bi Carla akamshukuru, akaandika kwamba chumba kitakuwa wazi Ijumaa.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Watalii walipoteremka, Borghild Sunde alipanda na kikombe cha kahawa, mikono imejaa unga. Mjane huyo wa shamba la jirani ndiye aliyewapikia wageni mikate ya viazi kwenye jiko la kuni la makumbusho.

"Kunywa," alisema.

"Usijisumbue."

"Kunywa, nimeshaimimina."

"Nimetoka kunywa sasa hivi."

"Ansgar, kunywa."

Akapokea, akanywa hadi tone la mwisho.

"Unaona?" Borghild alisema. "Kukataa kwa kwanza adabu, kwa pili adabu, la tatu ndilo jibu. Mimi najua, mama yangu alinilea hivyo hivyo. Yule wa Kalifornia nani kamfundisha? Wenzetu wale ukisema hapana, wanasikia hapana."

"Adabu ni adabu."

"Basi leo adabu itakulaza wapi? Kwangu kuna vyumba vitatu, wanalala paka. Njoo ukae."

"Utapata taabu bure, Borghild."

"Shauri yako."

Aliteremka moja kwa moja hadi ofisini. Alichokisema humo hakikusikika, ila baada ya dakika kumi Bi Carla alipanda ngazi akihema, Borghild nyuma yake.

"Bwana Lokken, samahani, sikuwa nimeelewa. Tungefurahi sana ukibaki."

"Mna kazi nyingi. Nitawazibia njia tu."

Bi Carla aligeuka. Borghild, aliyesimama mlangoni, alimwonyesha vidole vitatu.

"Bwana Lokken," Bi Carla alisema polepole, kama mtu asomaye maagizo ya dawa, "nakuomba kwa mara ya tatu. Tafadhali, baki."

Ansgar alitazama mashamba ya mahindi nje ya dirisha, kisha akafunga sanduku.

"Hapana," alisema. "Asante sana."

Vidole vya Borghild vilishuka.

"Kuna ya nne?" Bi Carla alimnong'oneza.

"Haijawahi kutokea."

Ansgar aliliburuta sanduku ngazi kwa ngazi hadi uani. Borghild alimfuata, aproni ikipeperuka.

"Nimekutetea mpaka koo limenikauka, nawe unanitia aibu mbele ya wageni. Hicho ni kichwa au gogo la mwaloni? Nyumba ya babu yako unaitupa hivi hivi?"

"Ina ngazi nyingi."

"Ngazi umeziona leo, baada ya miaka sabini na sita?" Alipangusa unga mikononi kwa hasira. "Haya, utalala zizini na ng'ombe wa maonyesho? Nimekwambia kwangu vyumba vipo. Njoo."

"Nitakuchafulia sakafu."

"Basi kalale na ng'ombe."

Borghild aliingia garini mwake, akawasha injini. Ansgar hakwenda zizini wala barabarani. Aliliweka sanduku kando ya mlango wa gari, akalikalia, akaushika mkongojo wake kwa mikono miwili.

Borghild aliteremsha kioo.

"Unangoja nini tena, mzee wewe? Umeombwa mara tatu, nimehesabu mwenyewe."

"Bi Carla ndiye aliyeniomba mara tatu," Ansgar alisema, masikio yamekuwa mekundu. "Wewe umeniomba mara mbili tu."