Nakala ya Alfajiri

Kidole cha Chepngeno kilikuwa juu ya kipanya, na simu ya wodi ya wazazi bado ilikuwa inaita bila kupokelewa.

Mfumo wa hospitali ulikuwa umeganda baada ya kuwekewa programu mpya. Dawa ilikuwa moja tu, kurudisha seva kwenye snapshot, ile nakala yake iliyohifadhiwa alfajiri. Chochote kilichoandikwa tangu hapo kingefutika. Wodi zote zilikuwa zimenakili maelezo yao kwenye karatasi, isipokuwa hiyo moja.

"Daktari, acha kwanza nikimbie huko juu niwaambie."

"Niko na mtu kwa theatre anavuja damu, na siwezi kuona grupu yake!" daktari alimfokea kutoka mlangoni. "Rudisha hiyo kitu sasa!"

Alibonyeza.

Skrini zilipowaka, daktari alisoma alichotaka na kuondoka mbio. Chepngeno alipanda ngazi, akamkuta sista wa wodi ya wazazi anavua glavu.

"Pole, tulikuwa tunazalisha," sista alisema. "Ni wewe ulikuwa unapiga?"

"Sista, kuna kitu uliweka kwa kompyuta leo?"

"Onyo moja tu. Yule mama wa pale dirishani asidungwe penisilini. Inaweza kumuua."

Wote wawili waligeuka. Pale dirishani, muuguzi mwingine alikuwa ameshachomoa sindano, anamkandamizia mama pamba mkononi.