Majivu ya Kasikeu

Kwaru, kwaru, kwaru.

Mutie aliisikia kabla hajafumbua macho. Sauti ya utotoni: sufuria ikisuguliwa kwa majivu. Alikuwa amelalia meza ya maabara, Kitui mjini, na kwa muda alidhani yuko kwao Kasikeu.

Kisha akakumbuka. Akaruka.

Mama yake alikuwa ameinamia sinki. Alikuwa amemletea chakula, muthokoi wa mahindi na maharagwe, na pamoja nao majivu kwenye karatasi, kwa kuwa hakuiamini sabuni ya mjini. Sufuria ilikuwa imeshang'aa. Sasa alishika kipande cha kioo.

"Hiki nacho kilijaa masizi," alisema. "Umesoma hadi ukaota mvi, mwanangu, na kioo hujui kuosha?"

Hayo hayakuwa masizi. Ulikuwa utando wa madini juu ya kioo, mwembamba kupita ngozi ya kitunguu, wa mwisho aliobaki nao. Katikati yake umeme haupiti. Hupita ukingoni tu, na nadharia inasema hauzuiliki hata utando ukijeruhiwa.

"Nadharia!" Profesa Karanja, mkuu wa maabara, alikuwa amemcheka asubuhi hiyo. "Utando mzima kila mtu anao. Niletee uliojeruhiwa na bado unapitisha umeme uleule. Leo jioni usipouleta, maabara nampa mwingine."

Mutie alikuwa amejaribu kwa wembe. Kila utando alioukwaruza ulibanduka wote kama gamba.

Na sasa huu. Mikwaruzo kila mahali, toka ukingo hadi ukingo.

Alitaka kufoka. Hasira ilipanda, ikafika kifuani, ikachoka.

"Nimeharibu?" mama aliuliza.

"Nenda nyumbani, Mwaitu. Nenda tu, mama."

Mama alikunja karatasi ya majivu, akaitia kwenye kiondo, akajifunga leso vizuri. Mutie aliutumbukiza utando kwenye chombo cha baridi kali, akaunga nyaya. Hakuwa na tumaini. Alitaka tu Profesa asije kumwambia hata kupima hakupima.

Mshale wa mita ulitetemeka. Ukapanda. Ukasimama palepale uliposimama jana, utando ukiwa mzima.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mwaitu, ngoja! Hayo majivu usiyamwage. Nikitengeneza kingine nitakuletea mwenyewe hadi Kasikeu, ukisugue hivyo hivyo."