Sahihi ya Kinanda

Ukumbi ulifurika. Nusu ya watu walifuata sauti ya mwimbaji Kinanda, nusu walifuata umbea kwamba siku hizi anachora kuliko anavyoimba.

Dada yake alikuwa amesimama mbele ya picha ya mama yao, kitambaa kibichi mkononi. Picha zote ishirini alizichora yeye, kwa rangi ya mafuta. Kaka mtu alikuja mwishoni tu, kuweka sahihi.

“Huyu ndiye anayeniosheaga brashi,” Kinanda aliwaambia waandishi, na watu wakacheka.

“Na rangi ya sahihi anakupa nani, kaka?”

“Wewe, dada, asante. Haya, wapishe wageni waone.”

Hakuwahi kuuliza ni rangi gani. Ilikuwa ya maji, ile ya watoto wa shule.

“Ngoja kwanza nimfute mama vumbi,” akasema dada, akapitisha kitambaa kwenye kona ya chini.

Jina la Kinanda likachuruzika, jeusi, hadi kwenye fremu. Chini yake likabaki jina la dada, la mafuta, limetulia tuli.

Kinanda akamdaka mkono. “Dada, nakuomba. Tutaongea nyumbani.”

“Nyumbani tumeshaongea sana.”

Akajinasua, akaisogelea picha ya pili.